Kujua Jina la Kosa na Kuliona Kosa

Katika madaftari ya Kiingereza ya wanafunzi wetu wa sekondari, kuanzia Kahama hadi Geita, nimeuona mara nyingi ukurasa mmoja unaofanana. Juu yake pameandikwa kwamba haya yafuatayo ni makosa ya hoja, na chini yake yamepangwa maneno kama askari gwarideni: "ad hominem", "straw man", "red herring", "begging the question", "slippery slope", "hasty generalisation". Mbele ya kila neno yapo maelezo ya mstari mmoja, yaliyonakiliwa kutoka ubaoni. Mwanafunzi huyakariri, hujibu mtihani, hupata alama zake, na ukurasa hufungwa. Nia yangu katika insha hii ni kuuhakiki ukurasa huo kama vile tunavyohakiki shairi au tamthiliya: una nini ndani yake, unamfaa nani, na umeacha nini.

Sikichukii Kiingereza. Nimekifundisha kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa uongozi wa chuo cha ualimu, na wengi wa walimu waliopita mikononi mwangu wangali wanakifundisha. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyeukariri ukurasa ule, je, ataitambua hoja mbovu itakapobisha hodi nyumbani kwake? Kwetu Usukumani swali hili si la anasa. Huku kwetu hoja mbovu zimeua watu.

Tuanze na maneno yenyewe. Herring ni samaki wa bahari za kaskazini. Akitiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, rangi yake hugeuka nyekundu na harufu yake huwa kali mno. Mwaka 1807 mwandishi wa Uingereza, William Cobbett, alisimulia jinsi samaki wa namna hiyo alivyotumiwa kuwapotosha mbwa wa kuwinda, wakaacha harufu ya mnyama wakaifuata harufu ya samaki. Ndiyo maana jambo linaloingizwa kwenye mazungumzo ili kuwatoa watu kwenye hoja huitwa "red herring". Mtoto wa Chato, aliyezaliwa kando ya ziwa, anamjua vizuri sana samaki wa moshi. Lakini kwao samaki huyo ni kitoweo, wala hajapata kuona mtu akimburuta porini ili kuwadanganya mbwa. Usipomweleza kisa hicho, atabaki na samaki mwekundu mkononi asijue ampeleke wapi.

Tazama pia "begging the question". Wanafunzi wengi huitafsiri kuwa ni kuomba swali, na walimu huwacheka. Wasiwacheke. Waingereza waliipata kauli hiyo kwa kutafsiri Kilatini, na Kilatini nacho kiliipata kwa kutafsiri Kigiriki cha Aristotle, na katika safari hiyo ndefu maana ilichakaa njiani. Siku hizi hata Waingereza wenyewe, walio wengi, huitumia kwa maana ya kuzusha swali. Maana yake ya asili ni kulichukua jambo lile lile linalobishaniwa, ukalifanya kuwa ushahidi wa kulithibitisha. Kwa Kiswahili chepesi ni hoja inayojizunguka, kama ng'ombe aliyefungwa kigingini.

Aristotle alihesabu makosa 13 ya namna hii: 6 yatokanayo na lugha yenyewe, na 7 yasiyotokana na lugha. Waarabu walivitafsiri vitabu vyake na kuvisoma kwa bidii karne nyingi zilizopita. Na kutoka kwa Waarabu Kiswahili kilipata maneno "mantiki", "hoja", "dai", "hukumu", "thibitisha" na "dalili". Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubishania kwa akili hajafungua kabati lake. Maneno yamo, na mengine yamekaa humo muda mrefu. Tatizo ni kwamba hayatolewi na kutumiwa darasani.

Kwa nini hayatumiwi? Historia yake inajulikana. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari na juu zaidi. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima hali ya lugha hiyo mashuleni mwetu, na wakakuta kwamba wanafunzi walio wengi hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufungua mlango kidogo kwa Kiswahili, lakini hadi leo lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kijana wa kidato cha tatu anaambiwa ajifunze kasoro za hoja katika lugha ambayo bado anahangaika kuitungia sentensi. Nguvu zake zote huishia kwenye tahajia ya jina la kosa. Kosa lenyewe halioni.

Ushahidi wa jambo hili utaupata katika midahalo ya shule. Mada hutolewa, kwamba elimu ni bora kuliko fedha, au kwamba maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Kijana mmoja anasimama na kusema, mwingine ananyanyuka ghafla na kupaza sauti, "That is ad hominem!" Wenzake wanashangilia kama mwamuzi amepuliza kipenyo cha penalti. Ukimwuliza baadaye ni sentensi ipi iliyomshambulia msemaji badala ya hoja yake, anakusomea tafsiri ya daftarini. Neno limekuwa rungu. Wala hajafundishwa jambo kubwa zaidi kuliko yote yaliyomo katika orodha ile: kwamba hoja ikiwa mbovu haimaanishi kuwa jambo linalotetewa ni la uongo. Mtu anaweza kuitetea kweli kwa hoja dhaifu. Kazi ya mantiki ni kutuambia kwamba kwa ushahidi huu hatujafika bado, tuendelee kutafuta.

Sasa nigeukie upande wetu, maana si haki kuwahakiki Waingereza peke yao. Husemwa kwamba wazee wetu walitutosheleza kwa methali. Ni kweli kwamba methali nyingine zinayataja makosa ya hoja vizuri kupita Kilatini. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu" inamfichua mara moja mtu mwenye kipimo kimoja kwa wenzake na kingine kwake mwenyewe. "Vyote ving'aavyo si dhahabu" ni somo kamili la kutenganisha alama na kitu chenyewe, na hakuna mahali linapoeleweka vizuri kama Geita. Mchimbaji mdogo halinunui jiwe kwa kumetameta kwake. Huliponda, huliosha kwenye karai, huangalia kinachobaki chini. Mtu huyo hajasoma mantiki, lakini anaifanya kila siku kwa mikono yake.

Lakini zipo methali nyingine ambazo zenyewe ni makosa ya hoja yaliyovaa kanzu ya hekima. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" inaufanya uvumi kuwa ushahidi. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" ni kweli kwa tenga la samaki. Kwa ukoo wa watu ni dhuluma, na kwa dhuluma hiyo mtoto hurithi tuhuma za bibi yake. "Wengi wape" inafaa siku ya kupiga kura, lakini wingi wa watu haujapata kugeuza uongo kuwa kweli. "Nyani haoni kundule" hutumika kumfunga mdomo anayetukosoa, ingawa makosa ya mkosoaji hayapunguzi ukweli wa alichosema. "Kikulacho ki nguoni mwako" imemfanya mtu mwenye msiba amtafute adui miongoni mwa watu wa nyumba yake. Na "Dalili ya mvua ni mawingu" imetuzoesha kuitia dalili mahali pa uthibitisho. Lakini mkulima wa Shinyanga anayajua mawingu mengi yaliyopita juu ya shamba lake bila kumwaga hata tone moja.

Kwa hiyo kubadili lugha peke yake hakutoshi. Kosa la hoja halina kabila. Tofauti ni kwamba kosa lililo katika lugha yako unaweza kulishika na kuligeuzageuza, kwa sababu maneno yake unayajua tangu utotoni.

Kitabu cha kufanyia kazi hiyo tunacho, tena kwa mkono wa mtu tunayemheshimu. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare inayomhusu Kaizari wa Roma, na mwaka 1969 akaitoa upya, ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi. Tumezoea kuisoma Juliasi Kaizari kwa ajili ya dhamira, wahusika na ufundi wa lugha. Mimi naiona kuwa, katikati yake, ni somo la mantiki ambalo halijapata mwalimu.

Kaizari ameuawa. Brutus anapanda kuwaeleza wananchi sababu, nayo ni kwamba Kaizari alikuwa na tamaa ya utawala. Ushahidi uko wapi? Brutus anawaomba wamwamini kwa heshima yake. Hapo heshima ya msemaji imewekwa mahali pa uthibitisho. Kisha anawapa njia mbili tu: ama Kaizari aishi na wote wawe watumwa, ama Kaizari afe na wote wawe huru. Njia ya tatu, ya baraza, ya sheria, ya kungoja mpaka ionekane kama kweli angejifanya mfalme, haitajwi. Watu wanakubali, na kukubali kwao kunachekesha, kwa sababu mmoja wao anataka Brutus mwenyewe sasa afanywe Kaizari! Wamepokea hitimisho bila kuielewa hoja.

Anakuja Antony. Mwanzo wake ni mzuri kuliko wanavyomsifu wahakiki wengi, kwa kuwa analeta mambo yanayoweza kupimwa: mateka ambao fedha za kukombolewa kwao ziliingia katika hazina ya umma, huruma ya Kaizari kwa maskini, na taji aliyoikataa mara tatu. Unaweza kubishana naye, ukasema kwamba kukataa taji mbele ya watu huenda kulikuwa ni maonyesho. Lakini angalau amekupa kitu cha kubishania. Kisha anauacha ushahidi. Anafunua nguo iliyotobolewa, anaonyesha majeraha, anataja wasia wenye fedha kwa kila mwananchi. Fedha hizo hazithibitishi kwamba Kaizari hakuwa na tamaa; lakini nani tena anakumbuka kwamba hilo ndilo lililokuwa swali? Huyo ndiye samaki wa Cobbett, na mbwa wote wamemfuata.

Halafu kinafuata kionyesho kifupi ambacho walimu wengi hukiruka kwa haraka ya kumaliza kitabu. Kundi lile lililowashwa moto linakutana njiani na mtu aitwaye Cinna. Yeye ni mshairi. Mmoja wa waliomwua Kaizari naye anaitwa Cinna. Mshairi anawaeleza kwamba yeye siye. Wanasikia, wanaelewa, na wanamshambulia hivyo hivyo, kwa sababu jina ni lile lile.

Msomaji wa Shinyanga akifika hapo hana haja ya kusafiri hadi Roma. Utafiti wa Simeon Mesaki, mmoja wa wataalamu wetu walioushughulikia mkasa huu kwa undani, umeonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukumani. Miaka iliyofuata haikuukomesha msiba huo. Wengi wa waliouawa walikuwa vikongwe, na alama iliyowahukumu wengi wao ilikuwa macho mekundu.

Hebu tuiweke hoja hiyo mezani bila woga. Wachawi wana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Kwa hiyo bibi huyu ni mchawi. Sasa badilisha maneno uache umbo: ng'ombe wana miguu minne, mbuzi huyu ana miguu minne, kwa hiyo mbuzi huyu ni ng'ombe. Mtoto yeyote wa mfugaji atacheka. Hahitaji Kilatini ili acheke. Hata tukimkubalia mtu dai lake la kwanza, ambalo halijathibitishwa na yeyote, hitimisho halifuati. Umbo lile lile linalomchekesha mtoto zizini limewapeleka watu wazima na mapanga mlangoni mwa mama mzee.

Tena wekundu wa macho una sababu zake zinazoonekana. Shinyanga ilipoteza miti yake kwa miaka mingi, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha uoto na kuhimiza ngitili. Mahali pasipo kuni, mama hupikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ni mkali. Bibi aliyeinama mbele ya moshi huo miaka 50, akiwalisha watoto na wajukuu, atakuwa na macho ya rangi gani? Ongeza na magonjwa ya macho yasiyotibiwa. Alama iliyofanywa kuwa ushahidi wa uovu ilikuwa alama ya kazi.

Hoja ya pili ni ile ya kufuatana: bibi alipita hapa jana, mtoto ameugua leo. Katika ukurasa wa daftari kosa hili lina jina la Kilatini, "post hoc". Sisi tuseme kwa ufupi kwamba kufuatana si kusababishana. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini ukimchinja jogoo kutapambazuka vile vile. Ya tatu ni hoja ya ramli. Mganga mpiga ramli anasema fulani ni mchawi. Fulani akikana, husemwa kwamba mchawi gani atakubali? Akikiri kwa kipigo, husemwa kwamba amekiri mwenyewe. Hakuna jibu lolote duniani linaloweza kumwokoa, kwa kuwa hukumu ilitangulia swali. Hii ndiyo "begging the question". Mwanafunzi ameikariri daftarini kwa mfano wa Kiingereza usiomhusu. Jioni anakaa motoni na kuisikia kwa Kisukuma, katika mazungumzo ya bafumu na balogi, wala haitambui. Vitu viwili vimelala katika kichwa kimoja bila kuamkiana: kimoja ni cha mtihani, kingine ni cha maisha.

Mtu akiizoea ile kanuni ya kufuatana na kusababishana, swali linalofuata ni lipi? Ni kuuliza, basi sababu ni nini? Mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliliuliza swali hilo katika vijiji 67 vya Meatu, wilaya iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga na sasa iko Simiyu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yanapaswa kusomwa na kila mwalimu wetu. Katika miaka ya mvua zilizopita kiasi au ukame mkali, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka karibu mara mbili, lakini mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi waliohusika walikuwa ndugu. Tusome polepole. Uchawi, kama ungekuwepo, usingengoja mavuno yaharibike. Njaa ndiyo iliyohesabu midomo ndani ya nyumba, na ramli ikaipa njaa hoja ya kutumia.

Upande wa dhahabu nako hoja ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Kuanzia mwaka 2007 nchi ilitikiswa na habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri machimboni na ziwani. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu 3 adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Sheria imefanya kazi yake, na iendelee. Lakini sheria huja baada ya hoja kukubaliwa, na hoja yenyewe hujengwa kwa kuhesabu upande mmoja: fulani alikwenda kwa mganga, akapata dhahabu. Na wale waliokwenda kwa mganga huyo huyo wakatoka duarani mikono mitupu, mbona hawahesabiwi? Na waliopata bila kwenda kwa yeyote? Miamba ya Geita ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mishipa ya dhahabu iliyomo haikungoja hirizi ya mtu yeyote. Ajabu ni kwamba mchimbaji yule yule asiyekubali jiwe bila kuliponda na kuliosha, neno la mganga hulipokea likiwa zima, bila karai.

Nisije nikaonekana kwamba nawasema watu wa vijijini tu, nitaje na mjadala wa watu waliosoma. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia ya dhahabu na shaba, na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, hapa hapa kwetu, ikaguswa moja kwa moja. Kamati mbili zilichunguza, na Julai mwaka huo kampuni ya Acacia ikatakiwa kulipa kodi, faini na riba zilizofikia dola za Marekani bilioni 190. Mwishowe yalifikiwa makubaliano na Barrick, yaliyotangazwa Oktoba 2019 na kutiwa saini Januari 2020: malipo ya dola milioni 300, na hisa asilimia 16 za serikali katika kampuni ya Twiga Minerals. Sina nia ya kuamua hapa hesabu ya nani ilikuwa sahihi. Ninayoyakumbuka ni mabishano tuliyoyafanya kwenye magazeti, kwenye mabasi na kwenye vyumba vya walimu. Aliyeuliza kiasi kile kimepatikanaje aliitwa msaliti. Aliyeuliza kampuni imelipa kodi kiasi gani miaka yote ile aliambiwa kwamba vitabu vyake vimekaguliwa Ulaya, basi anyamaze. Wa kwanza alijibiwa kwa kuvunjiwa heshima, wa pili kwa kutishwa na heshima ya wengine. Hakuna aliyejibiwa kwa hesabu. Na wengi wetu tuliokuwa tukibishana hivyo tulikuwa na vyeti, na ukurasa ule wa daftari tuliupita zamani.

Basi ukurasa ule utupwe? La hasha. Jina la kosa lina faida kubwa, maana kitu kilichopewa jina hakisahauliki upesi, na majina ya Kiingereza humfungulia kijana vitabu vingi ambavyo Kiswahili hakijavipata. Ninachopinga ni mpangilio. Tumeanza na jina la kigeni, tukafuata tafsiri ya kukariri, na kosa lenyewe hatukulifikia. Utaratibu ungegeuzwa. Kwanza mwalimu alete hoja yenyewe, kwa Kiswahili, kutoka sokoni, kwenye mkutano wa kijiji, katika Juliasi Kaizari au katika hizo methali zetu. Wanafunzi waiponde na kuiosha mpaka waone kilichobaki. Pili wailipe jina lao: kumpiga msemaji, kupigana na sanamu la majani, jumla ya haraka, hoja inayojizunguka. Ndipo, siku ya tatu, waambiwe kwamba Waingereza nao wanaliona kosa hili, na jina wanaloliita ni hili. Neno la Kiingereza likija kwa njia hiyo linakuta mahali pa kukaa.

Najua jibu nitakalopewa na walimu wenzangu, kwamba muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na mtihani hauulizi mambo hayo. Ni kweli hauulizi. Lakini kijana aliyekaa dawati la nyuma huenda ana bibi nyumbani, mzee, mjane, mwenye macho yaliyoharibiwa na moshi, na mwaka huu mvua hazikunyesha vizuri. Siku watu watakapoanza kunong'ona juu ya bibi huyo, kutahitajika mtu mmoja katika familia ile atakayeweza kusema kwa Kisukuma, kwa heshima na bila kutetemeka, kwamba mmesema ana macho mekundu, hilo tumelisikia. Sasa tuambieni linathibitisha nini. Somo la hoja lingemwandaa kijana huyo kwa siku hiyo, na kipindi kimoja kwa wiki kingetosha kuanzia.